Ripoti za Ijumaa: kunakili redio, uvumi ukutani, na mchoro wa shimo

«Mimi ni mwalimu wa mwaka wa tano wa shule ya msingi, komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Nina watoto 58. Tangu mwaka wa masomo uanze, kila Ijumaa baadhi yao wanasoma ripoti mbele ya wenzao: habari ya juma, filamu waliyoona, au mchoro wa mwanafunzi mwenzao. Zilizo nzuri nazibandika ukutani. Sasa nimeanza kuchoka. Ripoti za habari ni Kifaransa cha redio kilichonakiliwa, mtoto mwenyewe hakielewi. Za filamu ni hadithi nzima, ‘na kisha, na kisha’, mpaka kengele inalia. Za michoro ni neno moja tu: ni mzuri. Mwezi uliopita msichana aliandika kwamba kuna gari jeusi linaloiba watoto karibu na soko, mzazi mmoja akaja kwa direkta, mkuu wa shule yetu, na hasira. Halafu kuna mvulana ambaye kaka yake ni mchimbaji: alichora shimo limeanguka na watu wamo ndani, na tangu hapo anarudia mchoro huo. Direkta anataka niache yote haya, nishughulikie maandalizi ya mtihani wa mwaka wa sita. Je, watoto wa miaka kumi wanaiweza kazi hii kweli? Na yule mvulana, mchoro wake ni dalili ya ugonjwa?»

Mwalimu, niruhusu nianze na huyo mvulana. Mengine yote yanaweza kungoja Ijumaa ijayo.

Mchoro wa kutisha peke yake hauonyeshi ugonjwa. Mtoto anayeishi na mchimbaji anajua mambo ambayo mtoto wa karani hayajui. Anajua kwamba mvua zikianza, udongo unalainika, na mashimo yaliyochimbwa kwa mikono bila nguzo za kutosha yanaweza kuporomoka. Amesikia watu wazima wakizungumza usiku wakidhani amelala. Amemwona kaka yake akiondoka asubuhi, na hakuna aliyemwambia kama atarudi salama, kwa sababu hakuna anayeweza kumwahidi. Hofu ya namna hiyo ina sababu zake. Anachora swali ambalo hana mtu wa kumwuliza, na karatasi yako ya Ijumaa huenda ndiyo nafasi ya kwanza aliyoipata.

Kuurudia mchoro nako si lazima kuwe kubaya. Watoto hurudia jambo zito katika michezo na michoro mpaka lipungue uzito. Weka karatasi zake kwa mpangilio wa tarehe, uzitazame pamoja. Ikiwa kwenye mchoro wa pili kuna kamba, kwenye wa tatu kuna watu wanaochimba kuwatoa wenzao, kwenye wa nne kuna mama amesimama anangoja, basi akili yake inafanya kazi yake. Ikiwa kila mara ni shimo lilelile, mistari ileile iliyokandamizwa mpaka karatasi inapasuka, na ukimwita jina hasikii, hapo uongeze macho. Na macho yenyewe uyaelekeze zaidi kwake kuliko kwenye karatasi. Je, anasinzia darasani kwa sababu halali usiku? Ameacha kucheza? Anashtuka mlango ukigongwa? Alikuwa akisoma vizuri, na ghafla hawezi? Mambo hayo yakikaa zaidi ya mwezi mmoja hivi, au yakimzuia kujifunza na kucheza hata kabla ya mwezi kwisha, anahitaji mtu aliyesomea kazi hiyo. Akisema kwamba anataka kufa, usingoje hata siku moja.

Kabla ya kumpeleka popote, kaa naye pembeni, wenzake wakiwa nje, umwambie: nielezee mchoro wako. Kisha nyamaza. Usimwulize kama aliye chini ya udongo ni kaka yake, kwa maana swali hilo laweza kumtia hofu ambayo hakuwa nayo. Usimwambie achore maua. Zungumza na mama yake pia. Inawezekana kuna jambo lilitokea nyumbani ambalo hulijui, na inawezekana mama hajui kwamba mtoto anasikia kila kitu. Ikiwa msaada unahitajika, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha saikolojia na sayansi ya elimu, na mjini kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Familia nyingi huogopa jina la kituo kama hicho. Waeleze kwamba mtoto anapelekwa kuzungumza na mtu, na kwamba kumpeleka hakumaanishi amerukwa na akili. Na kama katika mazungumzo mtoto atakuambia kwamba anapigwa vibaya au anaguswa isivyofaa, usiahidi kutunza siri, na usianze upelelezi wako. Msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, kisha mjulishe direkta na huduma ya mambo ya jamii. Sheria n° 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto iliwekwa kwa ajili ya hali kama hizo.

Mchoro wenyewe ni mali yake. Usiubandike ukutani bila ruhusa yake, hata kama ndio uliochorwa vizuri kuliko yote.

Sasa tuje kwenye kunakili. Wengi watakuambia ni uvivu wa watoto, au kwamba bado ni wadogo mno. Sikubaliani na yote mawili. Tazama umewapa kazi gani. Mtoto asikilize habari kwa Kifaransa, ambacho nyumbani hakisemwi. Achague lipi ni muhimu. Aliandike kwa Kifaransa hichohicho. Kisha awasomee watu 57 waliosikia redio ileile jana jioni! Sentensi za mtangazaji zimekwisha kupikwa, yeye hana za kwake, na wasikilizaji wake hawana wanalolingojea. Kunakili ndiyo njia ya akili aliyobakiwa nayo.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha shida yako. Ripoti huzaliwa pale mtu aliyeona jambo anapokutana na mtu ambaye hakuwepo. Toa mmoja kati ya hao wawili, na kinachobaki ni zoezi la mwandiko. Watoto wako wamekosa wote wawili: hawakuona, na wanaowasomea hawakukosa kitu.

Kuna mwalimu mmoja Mfaransa, Célestin Freinet, aliyelielewa hili mapema. Alirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejeruhiwa mapafu, na kusema kwa sauti darasani kutwa nzima kulimchosha. Mwaka 1920 alianza kufundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa. Aliwatoa watoto nje, wakatazama mafundi na mashamba, wakarudi kuandika walichokiona. Kisha akaleta darasani mashine ndogo ya kuchapa, na watoto wakapanga herufi kwa mikono yao. Jambo lililokuja mwaka 1926 ndilo linalokuhusu wewe zaidi. Alianza kubadilishana maandishi na darasa la mwalimu mwenzake, René Daniel, huko Trégunc, upande wa pili wa nchi, kwenye bahari ya Bretagne. Watoto wa kusini iliwabidi waeleze mambo yao kwa wenzao ambao hawajawahi kuona mizeituni ya kwao. Hapo hakuna redio ya kunakili.

Wewe huhitaji mashine. Tafuta mwalimu mmoja Kipushi au Likasi mwenye darasa la mwaka uleule, mtumiane bahasha moja kwa mwezi kwa mkono wa mtu anayesafiri. Watoto wa Kipushi hawajui bei ya meka (kipimo) ya unga wiki hii kwenye soko la komini yetu ya Kenya, hawajui nani alishinda mechi ya mtaani kwenu, hawajui barabara yenu imekuwaje baada ya mvua. Mtoto wa miaka kumi anaweza kwenda sokoni na mama yake, kuuliza bei kwa wauzaji watatu, kuandika majibu kwenye kaye (daftari) yake, na kuuliza kwa nini imepanda. Hiyo ni habari kamili: kuna mahali, kuna siku, kuna watu waliosema, kuna sababu. Na mwache asimulie kwanza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kama anavyosema na dada yake. Akishajua anachotaka kusema, ndipo mtafute pamoja Kifaransa chake. Kubeba wazo na lugha kwa wakati mmoja ni mzigo hata kwa mtu mzima.

Utaniuliza: na habari kubwa je? Mwishoni mwa Januari 2025 Goma, mji wa mashariki mwa Kongo yetu, ilipochukuliwa na waasi, nina hakika watoto wako walikuwa na maswali, na wengine wana ndugu huko. Usiwafunge midomo, kwa sababu mtoto anayekatazwa kuuliza shuleni ataulizia barabarani. Zungumzeni darasani, tafuteni mji huo kwenye ramani, ulizeni watoto wa huko wanasoma wapi sasa. Lakini hapa nitasema wazi: mambo ya vita, wanajeshi na wanasiasa yaishie kwenye mazungumzo na kwenye kaye. Yasibandikwe ukutani na jina la mtoto chini yake. Haki ya mtoto kutoa maoni ipo, imeandikwa katika kifungu cha 13 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990. Ila mtu mzima ndiye anayepaswa kupima nani atapita kwenye ukuta huo na kuusoma.

Filamu ni rahisi zaidi. «Na kisha, na kisha» haitokani na ujinga. Kufuata mpangilio wa wakati ndiyo njia ya kwanza ambayo akili ya mtoto inaimudu. Ili afupishe, lazima aishike filamu nzima kichwani na papo hapo apime kila tukio kama lina uzito au halina. Watoto wa umri huo, wakiambiwa tu «fupisha», hufuta sentensi chache na kuziacha nyingine kama zilivyo. Sentensi moja inayokusanya mengi huja baadaye, na huja kwa kufundishwa. Basi badilisha swali. Mwambie: mwenzako hajaiona, na ana pesa ya kuingia kwenye nyumba ya video mara moja tu. Aende au asiende? Mwambie atuambie nani alikuwa anatafuta nini, nini kilimzuia, na sehemu moja ambayo bado anaiona akifumba macho, na kwa nini. Mwisho wa filamu usisemwe kabisa. Sharti hilo moja linafanya kazi kubwa, kwa sababu mtoto asiyeruhusiwa kufika mwisho hana njia ila kuchagua.

Kuhusu michoro, nikae kidogo, maana mji wetu una utajiri ambao shule zetu haziutumii.

Mtoto anasema «ni mzuri» kwa sababu hilo ndilo swali pekee analosikia: mzuri au mbaya? Abigail Housen, mwanasaikolojia, na Philip Yenawine, aliyewahi kuongoza elimu katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, walitengeneza mazungumzo yenye maswali matatu tu. Nini kinatokea katika picha hii? Unaona nini kinachokufanya useme hivyo? Nini kingine tunaweza kukiona? La pili ndilo moyo wa mambo. Mtoto akisema «huyu mama ana huzuni», mwulize anaona nini. Ataonyesha mabega, au macho, au kwamba amechorwa mdogo kwenye kona ya karatasi kubwa. Hapo amekwisha kutoa maoni pamoja na ushahidi wake, na utamkuta akifanya vivyo hivyo kwenye hesabu na kwenye habari. Wewe usisahihishe. Rudia alichosema kwa maneno yaliyonyooka, kisha mpe mwingine nafasi.

Na wanapochora, usishangae ukiona wengi wanakopi kutoka vitabu na simu. Mtafiti Georges-Henri Luquet aliyaeleza mabadiliko haya mwaka 1927: mtoto mdogo huchora anachokijua, kwa hiyo utaona mtoto ndani ya tumbo la mama au viazi chini ya ardhi, lakini akikaribia miaka tisa au kumi anaanza kutaka kuchora kama jicho linavyoona. Anatazama kazi yake, anaona haifanani, anasema «mimi sijui kuchora», anachukua karatasi nyembamba na kufuatisha. Hicho ndicho kipindi ambacho watoto wengi huacha kuchora maisha yao yote. Anahitaji kuona kwamba kuna mikono mingi, na hapa Lubumbashi ushahidi upo. Katika miaka ya 1940, mji ukiitwa Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Hangar, akakataa kuwapa wanafunzi wake mifano ya Ulaya ya kunakili. Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki kwa subira kubwa, Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi iliyosongamana, Bela alichora kwa ncha za vidole. Karakana ilikuwa moja, na bado huwezi kuchanganya kazi ya mmoja na ya mwingine.

Kisha wasimulie habari za Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha zipatazo mia moja za historia ya nchi kwa ajili ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, na akazieleza kwa Kiswahili, moja baada ya nyingine, Fabian akimwuliza. Tshibumba alijiona kuwa mwanahistoria. Aliandika maneno ndani ya picha zake ili mtazamaji ajue ni wapi, ni lini, ni nani. Aliweza pia kuchora mambo ambayo hakuyaona kwa macho, kama kifo cha Lumumba cha Januari 1961, kilichotokea si mbali na mji huu. Watoto wako wakijua kwamba fundi wa mtaani mwao alifanya kazi ya ripota kwa rangi, hawataona tena mchoro kama somo la kupumzikia. Na swali kama hili wanaweza kuulizana wao kwa wao kila Ijumaa: hili uliliona, uliambiwa, au unalifikiria?

Swali hilo ndilo linalotupeleka kwenye gari jeusi.

Msichana huyo hakusema uongo. Aliandika kile alichosikia, na sote tunajua redio trotwa, uvumi wa barabarani, inavyotembea. Wa kwanza anasema «nilisikia kwamba labda». Wa pili anaacha «labda». Wa tatu anaacha «nilisikia». Wa nne ana habari kamili, ina rangi ya gari na mahali, na haina mtu aliyeiona. Hofu ndiyo inayoisukuma: ujumbe kuhusu watoto walio hatarini, hakuna mzazi anayethubutu kuukalia. Ni haki mzazi yule kukasirika, kwa sababu uvumi wa namna hii katika miji yetu umewahi kumfikisha mpita njia mikononi mwa umati. Lakini kuufuta tu kwenye ukuta hakumfundishi msichana lolote, zaidi ya kwamba kuandika kunaleta matatizo.

Fanyeni kazi hiyo tena pamoja naye, bila kumwaibisha. Gawa tablo (ubao) sehemu tatu: tuliyoyaona wenyewe, tuliyoambiwa na nani, tusiyoyajua bado. Chukua ripoti yake sentensi kwa sentensi. Utaona safu ya kwanza inabaki tupu, na darasa litakaa kimya lenyewe. Kisha ulizeni nani angeweza kujua: mkuu wa mtaa, mama anayeuza pale sokoni tangu asubuhi, familia ya mtoto anayedaiwa kuibiwa, kama ipo. Baada ya hapo msichana aandike upya: watu wanasema hivi, tumeuliza hawa, hakuna aliyeona. Hiyo ni ripoti nzuri kuliko ya mwanzo, na mwonyeshe yule mzazi. Tangu siku hiyo wekeni sharti ambalo halivunjwi: hakuna jina la mtu anayeshutumiwa kwa lolote, wala namba ya gari, wala nyumba ya mtu, kwenye karatasi ya darasa. Na kama kuna hatari ya kweli kwa mtoto, haiendi ukutani. Inakuja kwako siku hiyohiyo.

Nimebakiza direkta, na hoja yake siwezi kuitupa. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi upo, wazazi wanauhesabia, na tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure Septemba 2019 madarasa yamefurika. Watoto 58 hawawezi kusoma ripoti kila Ijumaa, na nadhani uchovu wako unatoka hapo pia. Gawa darasa katika makundi, kila Ijumaa kundi moja tu lisome, dakika thelathini na si zaidi, kila mtoto sentensi tano. Mwonyeshe direkta kwamba sentensi hizo tano ndizo zoezi la kuandika na kuelewa maandishi ambalo mtihani unalidai, na kwamba unazitia alama. Mwombe muhula mmoja. Ukuta ukiendelea kumtia wasiwasi, uache. Ripoti zikae kwenye kaye moja kubwa ya darasa, na bahasha ya Kipushi iendelee kwenda. Ningechagua kupoteza ukuta kuliko kupoteza msomaji wa mbali.

Lakini akikataa kabisa, usishindane naye kwa mgongo wa watoto. Hifadhi maswali matatu ya picha na safu tatu za tablo, uyatumie ndani ya masomo ya kawaida. Hayahitaji ruhusa ya mtu. Na kama umepiga kwa simu picha za kazi za watoto, hasa mchoro wa yule mvulana, zisiingie kwenye vikundi vya WhatsApp vya wazazi. Kama zimekwisha kuingia, ziondoe leo, kabla ya kufika Jumatatu kuzungumza na mama yake.